Mwanga wa Mabira, mawe ya Mbale

NA MWANDISHI WETU, KAMPALA

"Ssebo, usinicheke," aliniambia kabla sijauliza hata swali la pili.

Tulikuwa nyuma ya soko la Nakawa, wapakiaji wakipanga mananasi ndani ya Fuso. Mama huyu amevusha matunda Busia kwa miaka mingi kuliko mimi nilivyoandika gazetini, na alitaka kwanza nimhakikishie kwamba jina lake halitatoka. Halitatoka. Alichotaka kunisimulia ni usiku ambao gari lao lilikutana na kitu katika msitu wa Mabira.

Ilikuwa kama saa kumi alfajiri. Wameshaiacha Lugazi, barabara tupu, yeye kakaa mbele na dereva, utingo amejikunyata katikati yao. Ghafla juu ya miti, mbele yao, ukatokea mwanga mweupe, mkali, usio na sauti. Gari likienda, nao unakwenda. Wakapunguza mwendo, nao ukapunguza. Wakasimama, ukasimama. Barabara ilipokunja kona, mwanga ukahamia upande wa pili. "Nilihisi kuna mtu ndani yake anatuangalia," alisema. Utingo akaanza kusali kwa sauti. Dereva, mtu mzima mwenye wajukuu, akageuza gari, akarudi Lugazi na kukataa katakata kuondoka mpaka jua litoke.

Walifika Busia inakaribia saa sita mchana. Mnunuzi wake kutoka Kisumu alikuwa ameshachukua mzigo wa mtu mwingine na kuondoka. Mananasi yaliyokwisha kuiva hayamngoji mtu, kwa hiyo yaliuzwa palepale mpakani kwa bei ya nusu. Mkopo wa chama aliokuwa ameuchukua kwa safari ile aliumaliza miezi mitatu baadaye.

Ndani ya gari walikuwa na maelezo matatu. Utingo alisema ni pepo. Dereva alisema ni basezi, wale wachawi wa usiku ambao kila mtoto wa Buganda ametishwa nao. Mama mwenyewe, ambaye mwanawe humwonyesha video kwenye simu, alisema ni viumbe wa sayari nyingine. Mambo kama haya nimeyasikia mara nyingi kwenye maegesho ya malori na vituo vya mabasi, toka Namayiba hadi Malaba, na nimegundua kwamba msimuliaji karibu kila mara hutaja pia alichopoteza: mzigo, soko la siku hiyo, au kazi.

Niliporudi ofisini nilitazama hali ya anga ya juma alilonitajia. Zuhura ilikuwa nyota ya asubuhi, ikichomoza mashariki saa kadhaa kabla ya jua. Anayetoka Kampala kwenda Busia anaelekea mashariki. Ukiacha jua na mwezi, hakuna kinachong'aa angani kila siku kuishinda Zuhura, na kwa kuwa iko mbali mno, haiachwi nyuma kama mti au nguzo ya umeme. Inakwenda nawe, kama mwezi ulivyokuwa ukitufuata tulipokuwa watoto. Barabara ikikunja, yenyewe inaonekana imeruka upande wa pili. Marubani wameshaidhania kuwa ndege inayowajia.

Nilimpigia simu kumweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Zuhura naijua tangu utoto, mama yetu alikuwa anatuamshia shamba kwa hiyo. Ile haikuwa Zuhura." Nimeandika maneno yake na yangu pia.

Kuna sababu ya kutomcheka. Anga imewahi kuitupia Uganda vitu kweli, mchana kweupe, mbele ya mji mzima.

Ijumaa ya Agosti 14, 1992, saa tisa na dakika 40 alasiri, watu wa Mbale walisikia mngurumo angani na mawe yakaanza kuanguka. Yalitapakaa kwenye eneo la kilomita tatu kwa saba. Kipande kidogo kilimpiga kichwani mvulana mmoja baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba, na hakikumuumiza. Wachunguzi wa vimondo kutoka Uholanzi, wakishirikiana na mwanajiolojia Barifaijo wa Chuo Kikuu cha Makerere, walizunguka wakihoji mashuhuda na kupima mahali pa kuangukia. Walibaini sehemu 48, na hadi Oktoba 1993 vipande 863 vilikuwa vimekadiriwa uzito. Kikubwa kupita vyote kilikuwa na kilo 27.4. Vyote vilivyookotwa vilifika kilo 150 hivi.

Hesabu yao ilionyesha kwamba mwamba wenyewe ulipoingia angani ulikuwa na uzito wa kati ya kilo 400 na 1,000, ukienda kilomita 13 na nusu kila sekunde. Kwa mwendo huo Kampala hadi Malaba ni chini ya sekunde 20, na hakuna mzani wa kusimamia. Ulipasukapasuka, na mpasuko mkubwa wa mwisho ulitokea kilomita 10 hadi 14 juu ya ardhi.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye jarida la wataalamu. Lililobaki midomoni mwa watu ni jingine. Ule ulikuwa wakati ambao ukimwi ulikuwa ukifagia nyumba nzima nzima Uganda, na dawa za kupunguza makali bado hazijafika. Mawe yakatoka mbinguni bila kuitwa. Baadhi ya watu waliyaponda, wakala unga wake au kujipaka, wakiamini Mungu ametuma tiba. Nani angewalaumu? Mtu aliyezika ndugu watatu hawezi kuambiwa asubiri matokeo ya maabara. Lakini mawe yale yalikuwa ya aina inayoanguka duniani mara nyingi kuliko nyingine zote, madini ya kawaida yenye chembe za chuma, na hayakumponya mtu.

Tangu hapo, biashara ya "jiwe la angani" haijatoweka. Mimi binafsi nimeonyeshwa Kikuubo mawe kadhaa yaliyofungwa kwenye kitambaa kama dhahabu, mwenye nalo akinong'ona bei kwa dola. Kwa msomaji anayeweza kushawishika: kimondo kilichoanguka karibuni huwa na ganda jembamba jeusi, ni kizito kwa ukubwa wake, na karibu kila mara hushika sumaku. Kikiwa na vitundu kama vya mkate au sponji, hapo umeuziwa mavi ya chuma kutoka tanuru fulani. Anayetaka kuona kimondo cha kweli bila kulipa dola, na safari yake inampeleka Tunduma, akatize Mbozi. Pale kimelala kipande cha chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 16 na urefu wa mita tatu hivi. Hakijamtibu mtu, na hakuna aliyefanikiwa kukiiba.

Wageni wa aina ya pili hawaachi jiwe. Wanakuja usiku, mtu akiwa amelala, wanamkalia kifuani. Mwaka 1995 Zanzibar ilitaabika na popobawa. Hofu ilianzia Pemba, ambako jina hilo lilishasikika tangu miaka ya 1960, ikavuka Unguja na kufika mpaka Dar es Salaam. Familia zilikesha nje, zimekusanyika kuzunguka moto, kwa sababu ilisemekana huwajia walio peke yao ndani. Mjini Unguja mtu mmoja mwenye matatizo ya akili aliuawa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye. Nikisikia leo mtu anapigiwa kelele za "mchawi" kwenye stendi kwa kuwa ni mgeni na hajibu vizuri, humkumbuka yule.

Kiswahili kina neno la zamani kwa hali hiyo ya kukabwa: jinamizi. Madaktari wa usingizi wanaeleza kwamba wakati mwingine akili huamka kabla ya mwili. Macho yanaona chumba, mikono haiinuki, kifua kinabanwa, na ubongo uliobaki nusu ndotoni unaleta mtu wa kusimama kando ya kitanda. Mpemba atamwona popobawa. Mmarekani aliyekulia kwenye sinema atawaona viumbe wadogo wenye macho makubwa waliokuja kumchukua. Watafiti kadhaa wameshalinganisha simulizi hizo mbili na kukuta zinafanana mno. Hali hii huwashika zaidi waliokosa usingizi, wanaolala kwa vipande vipande na wanaolala chali. Yaani dereva aliye kwenye foleni ya malori Malaba usiku wa tatu, amelaza kiti na kofia usoni.

Kisa kimoja kinanishinda kukifunga. Septemba 16, 1994, katika shule ya Ariel iliyoko Ruwa, mji mdogo karibu na Harare, watoto walikuwa kwenye mapumziko ya asubuhi na walimu wako kikaoni. Watoto 62, wa kati ya miaka sita na 12, walisema waliona chombo kimetua ng'ambo ya uwanja, na viumbe wenye nguo nyeusi na macho makubwa wakiwatazama. Walichora walichoona. John Mack, daktari wa akili wa Harvard, alisafiri kwenda kuwahoji, akaondoka akiamini kwamba hawakuwa wanadanganya. Wapinzani wao wanakumbusha kwamba siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Urusi yalipita yakiwaka juu ya kusini mwa Afrika na nchi nzima ilikuwa ikizungumzia vyombo vya angani, tena watoto wengi walihojiwa wakiwa pamoja. Hoja hizo zina uzito. Hata hivyo, miongoni mwa waliokuwa watoto siku ile wamo watu wazima, wenye familia na kazi zao, ambao hawajabadili neno. Chombo hakikuacha kipande hata kimoja cha kupeleka maabara.

Cha Makueni kiliacha. Desemba 30, 2024, alasiri, katika kijiji cha Mukuku, Kenya, pete ya chuma yenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilidondoka kutoka angani. Haikuua mtu. Shirika la Anga la Kenya lilikuja, likaichukua na kusema uchunguzi wa awali unaonyesha ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, ambayo kwa kawaida ingeteketea njiani au ingeishia baharini. Wanakijiji hawakuuliza sana kuhusu viumbe. Waliuliza nani atawalipa.

Swali la kifanyabiashara kabisa, na jibu lipo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unasema nchi iliyorusha chombo inawajibika kwa madhara yanayotokea ardhini, bila aliyeathirika kulazimika kuthibitisha uzembe. Kasoro ni kwamba wewe mwenye lori huwezi kudai kupitia mkataba huo. Serikali yako ndiyo inayodai, kwa njia ya kibalozi, ndani ya mwaka mmoja. Satelaiti ya Kisovieti ilipoangukia Kanada mwaka 1978, Kanada ilidai zaidi ya dola milioni sita za nchi hiyo na ikalipwa milioni tatu mwaka 1981. Kwa hiyo kitu kikianguka karibu na mzigo wako, usikiguse. Piga picha, andika saa na mahali, ita polisi, na tunza stakabadhi za bidhaa.

Vitu vya juu vinaongezeka. Satelaiti za Starlink, zinazorushwa kwa makundi tangu 2019, siku za mwanzo hupita zimejipanga kama shanga kwenye uzi, na zimetisha watu wengi. Uganda yenyewe ilirusha PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, kijisanduku cha kushikika mkononi.

Haya yote nilimsimulia mama wa Nakawa juma lililopita. La Makueni lilimfurahisha, hasa habari ya kulipwa. La jinamizi alisema limempata mara mbili, Busia, ndani ya gesti. Safari zake siku hizi zinaanza saa kumi na moja na nusu, ili Mabira waikute kumekucha, na anampa mnunuzi wa Kisumu pesa kidogo ya kumngoja.

"Na wale watoto wa Zimbabwe," aliuliza akiwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya Fuso, "waliona nini?"

Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akapanda, utingo akafunga mlango.