Resho ya Gazi Ikikataa Kutoa Moto

Katika mikutano yetu ya Jumamosi swali moja linarudi kuliko yote: «Resho yangu ya gazi haitoi moto tena, nifanye nini?» Wengi kati yetu hapa Goma tumeacha makala, wengine kwa sababu ya bei ya mfuko, wengine wamechoka na masizi. Lakini resho ikikwama siku moja tu, mbabula inarudi. Na mvua ikinyesha usiku, mbabula inaingizwa ndani, mlango unafungwa, watoto wanalala. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua watu katika usingizi. Ndiyo maana tunalileta jambo hili hapa.

Tuanze na chupa yenyewe. Wengi wanaitikisa na kusema «iko bado nzito». Chupa tupu pia ni nzito, ni chuma. Tafuteni kwenye shingo au kwenye duara la juu: kuna namba iliyopigwa, mara nyingi na neno «tare» au herufi T. Huo ni uzito wa chupa bila gazi. Peleka chupa kwenye mizani ya muuza maharagwe. Ikiwa tare ni kilo 7,5 na mizani inasema 7,8, basi umebaki na gramu 300, na fundi hana kazi kwako. Hesabu hiyo hata mtoto wa mwaka wa tatu wa shule ya msingi anaiweza. Kama mizani iko mbali, mwaga maji ya moto upande mmoja wa chupa, kisha pitisha mkono kutoka juu kwenda chini. Pale unapokuta baridi ndipo gazi inapoanza.

Kuna siku chupa bado ina gazi lakini moto unalegea, na chupa inatoka jasho la baridi. Ndani gazi ni kama maji. Ili igeuke hewa inakula joto la chupa. Ukipika muda mrefu na mafiga yote mawili yamefunguliwa, na gazi imepungua, chupa inapoa na moto unashuka. Zima figa moja, au acha chupa ipumzike. Tumesikia wamama wanaoisogeza karibu na mbabula ili «ipate joto». Hapana, hapana kabisa.

Kisha tazameni detandere, kile kichwa kinachofungwa kwenye mdomo wa chupa. Midomo ya chupa haifanani yote, na detandere ya chupa moja inaweza kukaa vibaya kwenye nyingine. Hakikisha pia kile kipira kidogo cha ndani kiko, hakijapasuka. Ukitoka hapo fuata tiyo mpaka kwenye resho. Mwenzetu mmoja aliambiwa na fundi anunue resho nyingine. Tulipofika kwake tukakuta tiyo imepindika nyuma ya kabati, gazi haipiti. Tuliivuta, moto ukawaka. Hatukuwa na ufundi wowote, tulikuwa na macho tu.

Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na sufuria zinakuwa nyeusi, gazi haichanganyiki vizuri na hewa. Mara nyingi ni uji au maji ya maharagwe yaliyomwagika na kuziba matundu. Funga chupa, ngoja resho ipoe, toa vichwa vya mafiga, vioshe kwa sabuni na mswaki wa zamani, vikaushe vizuri kabla ya kuvirudisha. Lakini kile kitundu kidogo sana cha chini, ambacho mafundi wanakiita jikleri, msikichokoe kwa sindano. Kikipanuka, gazi itapita nyingi kuliko inavyotakiwa.

Kwa wenye kuziniera kubwa: moto unawaka ukishikilia kitufe, ukiachilia unazimika. Karibu na moto kuna kijiti kidogo cha chuma. Kazi yake ni kuhisi joto. Kikiwa baridi kinafunga gazi, na hiyo ni usalama wako. Kipanguse masizi, kisha washa na shikilia kitufe sekunde kama 10. Kikikataa bado, hapo ita fundi akibadilishe. Msikubali fundi anayetaka kukitoa kabisa ili «kisisumbue».

Sasa harufu. Gazi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Inashuka chini na kukaa mashimoni, kama mazuku tunayoyajua hapa kwetu. (Gazi hii haitoki ziwani, kama wengine wanavyodhani, ile ya Kivu ni metani, nayo ni nyepesi.) Kwa hiyo chupa isikae chumba cha kulala wala kwenye shimo. Ukisikia harufu, usiwashe kiberiti, usiguse taa hata kuizima, funga chupa, fungua mlango, toa watoto nje. Harufu ikiisha, ndipo unatafuta pahali inapovuja kwa povu la sabuni: fungua chupa kidogo, paka povu kwenye detandere na kwenye ncha mbili za tiyo, bila moto wowote karibu. Povu likivimba, ni hapo. Bado wako wanaotafuta kwa kiberiti, na tunaomba mama yeyote anayemuona jirani akifanya hivyo amnyang'anye.

Jumamosi ijayo kila mmoja aangalie mwaka ulioandikwa kwenye tiyo yake kabla ya kuja, auandike kwenye karatasi. Tutazisoma pamoja, na kwa zile zilizozeeka tutanunua tiyo kwa mita, kwa bei ya jumla, tugawane.