Mafuta ya baharini: wajuzi hugawana hasara kwanza

Jumamosi alasiri, mtaani Waithaka, Nairobi, ni saa za chama. Viti vya plastiki vinapangwa uani, daftari la mweka hazina linafunguliwa, michango inahesabiwa, kisha yanaanza mazungumzo ya kuwekeza: ploti, nyumba za kupangisha, hisa. Tangu Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alipotangaza kwamba mafuta yamepatikana Turkana, mafuta nayo yamekuwa yakitajwa katika mazungumzo kama hayo. Kampuni ikisema imepata mafuta chini ya bahari yetu, mwenye akiba ndogo aelewe nini?

Aanze na kisima cha maji. Mwenye ploti humwita mtaalamu akapima ardhi na kuandika ripoti, halafu mchimbaji hulipwa kwa mita. Maji yakikosekana, mita zimeshalipiwa. Yakipatikana, bado yapelekwe maabara, kwa kuwa visima vingi vya Nairobi vina floraidi iliyozidi. Kuna kukosa, na kuna kupata kisichofaa.

Pwani ya Kenya imeyaona yote mawili. Mwaka 2007 kampuni ya Woodside ya Australia ilichimba kisima cha Pomboo-1 penye maji ya kina cha zaidi ya kilomita mbili, ikatoka mikono mitupu. Septemba 2012 Apache ya Marekani ilikuta gesi katika Mbawa-1, tabaka za unene wa mita 52 hivi, lakini haikutosha kwa biashara. Mwaka 2014 ikawa zamu ya BG ya Uingereza. Kisima chake, Sunbird-1, kilitoboa mwamba wa matumbawe uliofukiwa chini ya sakafu ya bahari kwa mamilioni ya miaka. Juu palikuwa na gesi, na chini yake mafuta ya unene wa mita 14, ya kwanza kuonekana katika bahari ya Afrika Mashariki. Wanajiolojia walifurahi, lakini hesabu haikukubali. Mlima-1, kilichoanza kuchimbwa na Eni ya Italia mwishoni mwa 2021, nacho kilitoka kikavu.

Mafuta yanahitaji mambo manne yakutane mahali pamoja: mwamba wa kuyazaa, mwamba wenye vitundu vya kuyahifadhi, umbo la kuyanasa na tabaka la kuyaziba yasivuje. Hata kila jambo likipewa nafasi ya asilimia 70, ukizidisha yote manne unabaki na asilimia 24 tu. Hapo hujagusa bei ya soko, iliyoporomoka kutoka zaidi ya dola 110 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya dola 30 Januari 2016. Wala hujagusa mipaka ya baharini, ambayo kati ya Kenya na Somalia iliamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki Oktoba 2021 tu.

Ndiyo maana wajuzi hawaingii peke yao. Katika Mbawa-1, Apache ilishika asilimia 50, na kampuni washirika wake, Origin 20, Pancontinental na Tullow 15 kila moja. Mdogo huuza sehemu ya haki yake ili mkubwa agharimie uchimbaji, na mkubwa naye hutawanya fedha zake katika visima vingi vya nchi nyingi.

Hata hivyo hawasalimiki kila mara. Agosti 2019 meli ilibeba kutoka Mombasa mapipa 200,000 ya mafuta ya Turkana, yaliyochimbwa na Tullow hiyo hiyo, na nchi ikashangilia. Miezi minne baadaye, Desemba 9, hisa za Tullow huko London zilishuka kwa zaidi ya asilimia 70 kwa siku moja, baada ya kampuni kupunguza makadirio ya uzalishaji wake Ghana na kusimamisha gawio. Mwezi uliotangulia, mafuta yake ya baharini Guyana yalikuwa yameonekana kuwa mazito na yenye salfa nyingi.

Kwa hiyo chama kikiletewa habari za mafuta, kiulize: nafasi ya kufaulu ni asilimia ngapi? Kisima kikikauka, nani analipa? Anayekusanya fedha ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji? Asiyetaja uwezekano wa kukosa asipewe hata shilingi ya kadi ya uanachama.

Maswali hayo yanaihusu serikali pia. Sheria ya Petroli ya 2019 imeshagawa mapato ya serikali: asilimia 75 kwa taifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya eneo. Kugawa faida tumejua, kusimulia hatari bado. Mwenye hisa wa Sydney au London huarifiwa matokeo ya kisima mara moja, kwa kuwa kanuni za soko lake zinailazimu kampuni. Mkenya mwenye bahari anastahili taarifa hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili, pamoja na mkataba uliotiwa saini kwa jina lake. Bila hiyo, tutaendelea kuitwa kwenye sherehe za kutangaza mafuta na kuachwa nje pale hasara inapohesabiwa.