Ng'ombe Wapandao Mlimani Wakati wa Baridi

Siku nne katika shamba la mawe huko Burren, Ayalandi

Wasomaji wengi wamesikia habari za Ayalandi kwa vinywa vya mapadre na masista waliotoka huko kuja kutufundisha. Kwa maneno yao nchi ile ni malisho ya kijani toka pwani hata pwani, na mvua haikomi. Basi naliposhuka katika basi upande wa magharibi wa nchi hiyo, mwisho wa Oktoba, na kuvitazama vilima vilivyokuwa mbele yangu, nalidhani macho yananidanganya. Vilikuwa vya kijivu toka chini hata kileleni, kama mnyama aliyechunwa ngozi na nyama ikabaki mifupa.

Mahali hapo huitwa Burren, katika jimbo la Clare, na jina lenyewe kwa lugha ya kale ya nchi maana yake ni mahali pa mawe. Kutoka Dublin nalikwenda kwa gari la moshi hata mji wa Galway, kisha kwa basi lipitalo Kinvara na kuufuata ukingo wa ghuba hata Ballyvaughan. Hapo mwenye shamba alikuja kunipokea kwa gari lake, kwa kuwa shamba liko mbali na njia ya basi. Katika kiti cha nyuma alikaa mbwa wake wa kuchungia, naye alinitazama safari nzima kama askari amtazamavyo mtu asiye na hati.

Hosteli yenyewe ni banda la zamani lenye kuta nene za mawe, limetiwa madirisha na vitanda vya kupandana, kimoja juu ya kingine. Wageni tulikuwa watano: vijana wawili wa Kijerumani waliokuwa wakitembea nchi kwa miguu, bibi mmoja mwalimu aliyetoka Dublin, mwanafunzi Mfaransa aliyependa mapango, na mimi. Jiko ni la wote. Kila mtu hupika chakula chake, huosha sufuria yake na huandika jina lake juu ya chupa yake ya maziwa. Viatu huachwa mlangoni. Mwalimu yule alinieleza kwamba hosteli si jambo jipya kwao, maana chama chao cha hosteli za vijana, kiitwacho An Óige, kilianzishwa mwaka 1931 ili watu wa mjini wasio na fedha nyingi wapate kuijua nchi yao. Hii ya kwetu haikuwa ya chama. Ilikuwa ya mkulima na mkewe tu, na fedha ya vitanda huwasaidia mwaka ambao bei ya ndama ni mbaya.

Jioni tuliota moto wa udongo mweusi ukatwao katika mabwawa ya mbali kama matofali, ukakaushwa juani. Moshi wake una harufu tamu kidogo, nao huingia katika nguo. Koti langu lina harufu hiyo hata leo. Mwenye nyumba aliniambia nimwite kwa jina lake la ubatizo, kama wafanyavyo wote huko. Nalijaribu mara mbili nikashindwa, maana mtu yule ni rika la baba yangu. Nikamwomba ruhusa nimwite Mzee. Akauliza maana yake, nami nikamweleza, naye akacheka akamwambia mkewe kwamba hatimaye amepata mgeni mwenye adabu.

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu asemaye jambo la kawaida, "Kesho tunawapandisha ng'ombe mlimani. Ukitaka, njoo."

Nalistaajabu sana. Katika nchi nyingi za Ulaya zenye milima, kama Uswisi, ng'ombe hupandishwa milimani wakati wa joto na kuteremshwa baridi ikija. Jambo hili nalilisoma shuleni, nikalijibu hata katika mtihani. Tena siku ile ilikuwa karibu na tarehe 1 Novemba, ambayo kwa hesabu ya kale ya watu wa Ayalandi ni mwanzo wa majira ya baridi. Jua lilitua kabla ya saa kumi na mbili jioni, na upepo wa bahari ulikuwa ukipiga madirisha. Ni mtu gani awatoaye ng'ombe wake uwandani wakati kama huo, akawapeleka juu ya mawe matupu?

Asubuhi tuliondoka, Mzee, mwanawe, mbwa na mimi, pamoja na ng'ombe ishirini na sita, karibu wote majike wenye mimba. Ndama wao wakubwa walikuwa wamekwisha kuuzwa mnadani, maana wakulima wa Burren huwalea ndama, na wengi huwauza wakanoneshwe kwingine penye majani mengi. Nalidhani tutawasukuma kwa fimbo. La hasha! Mara tu mwana alipofungua njia, ng'ombe mzee mwekundu alitangulia, na wengine wakamfuata mbio kama watoto wa shule wafunguliwao likizo. Walijua waendako. Kazi yetu ilikuwa kuwafuata tukihema.

Kule juu nalianza kufahamu. Mawe yale ni mawe ya chokaa, mapana kama sakafu, yenye nyufa ndefu. Mvua inyeshapo, maji hayatuami wala hayafanyi matope, bali hushuka katika nyufa na kupotea chini ya ardhi. Katika nyufa hizo na katikati ya mawe huota majani mafupi. Mzee aliniambia niweke kiganja juu ya jiwe. Nalitazamia baridi kali, lakini halikuwa baridi kama nilivyofikiri. Jiwe hulishika joto la jua toka miezi ya kiangazi, kisha hulitoa kidogo kidogo wakati wa baridi, na kwa kuwa bahari ya magharibi si ya baridi kali, majani huendelea kukua kidogo hata katika Desemba. Ng'ombe hulala pakavu. Maji ya chemchemi yamepita katika chokaa, kwa hiyo yana kile kiletacho mifupa migumu. Watakaa huko mpaka karibu na mwisho wa Aprili, ila wale wanaokaribia kuzaa hushushwa mapema, nao huzaa wepesi, maana wamekuwa wakitembea siku zote. Wakati wa kiangazi mambo hugeuka: chemchemi za juu hukauka, na hapo ndipo mlima hauwafai.

Ukutani naliaibika. Mashamba ya huko yamegawanywa kwa kuta za mawe yasiyotiwa saruji, na pengi hapana lango. Mtu akitaka kupitisha wanyama hubomoa kipande cha ukuta, akipita hukijenga tena. Mzee aliniachia kazi ya kujenga. Nalipanga mawe kwa uangalifu wote wa karani apangaye mafaili, nikarudi nyuma kuutazama ukuta wangu, nao ukaanguka. Yeye aliujenga kwa dakika chache, akiacha matundu ambayo mtu aweza kuona mwanga upande wa pili. Alisema ukuta usio na matundu huangushwa na upepo, na ng'ombe auonaye mwanga katika ukuta huogopa kuuegemea.

Tulipokwisha tuliketi nyuma ya ukuta kunywa chai ya chupa. Nalimwuliza kama Serikali yao inakubali desturi hii. Akanyamaza kwanza, kisha akanieleza kwa kirefu.

Baada ya Ayalandi kuingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, wakulima walihimizwa kuongeza mazao. Fedha ya msaada ilitolewa ya kusafisha mashamba. Matingatinga yaling'oa mawe, mbolea ya chumvichumvi ikamwagwa, na mazizi makubwa ya saruji yakajengwa ili ng'ombe wakae ndani wakati wa baridi na kula majani yaliyovundikwa. Mabwana Shamba waliona kupanda mlimani kuwa ni ushamba wa wazee. Mzee naye alijenga zizi, na hakulijutia lote, maana kuna miaka ya taabu ambayo zizi huokoa. Wengine waliendelea kutumia mlima, lakini wakapeleka majani yaliyovundikwa huko huko juu. Ng'ombe wakasimama mahali pamoja wakingoja kulishwa, wakakanyaga na kuchafua, na uchafu ukashuka katika nyufa hata chemchemi ambazo watu hunywa. Mahali pasipoliwa tena majani, vichaka vya mti uitwao hazel vilienea na kufunika mawe.

Pamoja na hayo maua yakaanza kupungua. Burren ni mashuhuri kwa maua, hasa ua dogo la buluu kali liitwalo gentian, lichanualo Aprili na Mei. Huko mimea ya nchi za baridi kali na mimea ya nchi za joto za kusini huota bega kwa bega, na wataalamu hutoka mbali kuja kuitazama. Wengi waliamini kwamba ng'ombe ni adui wa maua. Kumbe ng'ombe wa majira ya baridi ndiye ayasafishaye majani makavu, na kufika Aprili hushushwa, ua likachipuka katika nafasi aliyoacha. Mtaalamu mmoja, Brendan Dunford, alifanya utafiti juu ya ukulima wa Burren kwa kuwauliza wakulima wenyewe, akawa miongoni mwa walioongoza mpango ulioanza mwaka 2005. Baadaye malisho yalipewa alama, toka moja hata kumi, na mkulima alilipwa kwa kadiri ya alama zake. Namna ya kuzipata aliachiwa mwenyewe.

"Kwa hiyo," Mzee akasema, "Serikali ilinilipa niondoe mawe, kisha ikanilipa nifanye kama alivyofanya babu yangu. Nalichukua fedha mara zote mbili." Akacheka. Lakini alipoonyesha kwa mkono kiwanja kimoja cha kijani kilichosafishwa na matingatinga, hakucheka. Alisema mahali pale hapatakuwa tena kama palivyokuwa.

Siku ya pili alinionyesha njia ya kijani ikatayo ubavu wa kilima na kuishia mahali pasipo na nyumba. Alisema ni njia ya wakati wa njaa. Mwaka 1845 ukungu uliingia katika viazi vya Ayalandi. Ndio ule ule uozeshao viazi vyetu vya Nyandarua na Meru mvua zikizidi. Maskini walikuwa hawana chakula kingine, na mashamba hayakuwa yao bali ya mabwana wakubwa waliotaka kodi. Hata mwaka 1852 watu wapata milioni moja walikuwa wamekufa na zaidi ya milioni moja wamehama, huku nafaka na ng'ombe vikiendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Wenye njaa walipewa senti chache kwa kujenga njia kama hizo, ili wasipokee msaada bila kufanya kazi. Nalisimama hapo kitambo. Kazi yangu ni ya Serikali, nami najua jinsi amri kama ile huandikwa kwa lugha nzuri. Ilipita zaidi ya miaka hamsini, hata sheria ya mwaka 1903 ikawakopesha wapangaji fedha wayanunue mashamba waliyolima, na shamba la Mzee lilikuja kwa babu yake kwa njia hiyo.

Mengine nitayasema kwa ufupi. Poulnabrone ni kaburi la mawe makubwa kama meza, lenye umri wa zaidi ya miaka elfu tano. Lilipochimbwa katika miaka ya 1980 ilionekana mifupa ya watu zaidi ya thelathini. Karibu na Carran naliona bonde ambalo huwa ziwa mvua ikizidi, maji yakitoka chini kwa matundu ya mawe, kisha huwa malisho tena maji yakirudi yalikotoka. Mfaransa wetu alilipenda kuliko kaburi.

Lakini usiku wa mwisho nalikawia kulala. Kwetu Keiyo, baba yangu alikuwa na desturi ya kuwashusha ng'ombe wake Bonde la Kerio wakati mvua na baridi zinapozidi huku juu. Nalipopata kazi nalimletea kitabu kidogo chenye picha, nikamsomea, nikabishana naye siku nyingi, na mwishowe akakubali kujenga zizi la saruji kwa fedha niliyomletea. Mwaka ule ng'ombe wanne waliharibika kwato kwa kusimama katika unyevu. Hakunilaumu. Wala hakunieleza kwa nini babu zake walikuwa wakishuka bondeni. Na mimi, kwa kuwa nalikuwa na kitabu, sikumwuliza.

Nalimwambia Mzee habari hii tukiwa motoni. Alisukuma kipande cha udongo kwa mguu, akauliza kama baba yangu yu hai. Nalijibu kwamba yu hai, tena ana nguvu.

Asubuhi, nikingoja basi Ballyvaughan, nalinunua kadi yenye picha ya vile vilima vya kijivu. Naandika barua kila siku ya kazi, lakini kadi ile ilinishinda mpaka basi likaonekana kwenye kona. Nikaandika haraka: "Baba, shikamoo. Nimewaona ng'ombe wapandao mlimani wakati wa baridi, nao ni wanono. Nikifika nyumbani nataka unieleze habari za Kerio, tangu mwanzo."