Taa za Nyuma na Taa za Rivasi

Fomu ya matengenezo ya pikapu ikiandikwa, Mbulu au Katesh, kwamba "taa za nyuma hazifanyi kazi", fundi atafungua zipi? Taa za nyuma ni zile nyekundu. Zile nyeupe, ziwakazo gari linaporudi nyuma, twapendekeza ziitwe taa za rivasi, maana neno hilo limekwisha kuzoeleka vinywani mwa madereva. Kinyumenyume ni neno zuri, lakini halisikiki karakanani. Dereva anayelazimika kurudi nyuma usiku kwenye kona za mlima wa Magara hawezi kungoja tumalize mjadala.

Mfasiri naye atenganishe taa na swichi. Katika gari la gia za mkono, swichi hufungwa kwenye giaboksi, nayo huunganisha umeme gia ya rivasi iingiapo. Fyuzi na balbu zikiwa nzima, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa, nyaya mbili za swichi huchomolewa zikagusanishwa. Taa zikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Kuandika hapo "badilisha taa" ni kumtuma mwenye gari anunue kifaa asichokihitaji.