Flaiwili Nyepesi na Klachi Imara

Watahiniwa wengi hukosea hapa: huandika kwamba flaiwili nyepesi huongeza nguvu ya injini. Si kweli. Ukifunga ya kilo 5 badala ya kilo 10, umbo na kipenyo vikiwa vilevile, inesha ya mzunguko (I) hupungua kwa nusu. Injini hupandisha mzunguko upesi, nalo gari la mashindano hufaidika. Lakini nishati iliyohifadhiwa, ½Iω², nayo hubaki nusu kwa kasi ileile. Daladala iliyojaa, ikianza kupanda kutoka stesheni ya Kigoma kwenda Mwanga, itazimika kirahisi. (Dereva atamlaumu fundi!) Klachi ni habari nyingine: springi kali hukandamiza pleti, msuguano huongezeka, pleti haitelezi.