Saruji yangu nusura iue nyumba ya mama mkwe

Leo siandiki mambo ya mapenzi wala mitindo ya nywele. Naandika habari ya ukuta. Usifunue ukurasa wa pili kwanza, maana ukuta wenyewe nusura univunjie ndoa.

Mke wangu ni mtu wa Unguja, kwao shamba, njia ya kwenda Bububu. Wana nyumba ya mawe ya enzi za mikarafuu, chafu chafu, chokaa imebanduka, mabati yana kutu. Mimi mtoto wa Dar, nikaona aibu. Nikajitutumua, nikawapelekea mifuko 30 ya saruji, nyumba ikapigwa plasta ndani na nje. Ikang'aa kama yai. Sifa nilizopewa siku ile, acha tu!

Masika ya pili simu ikaja. Dari ya chumba kimoja imeanguka usiku. Shemeji yangu mdogo ndiye hulala humo. Pona yake alikuwa ametoka kwenda chooni. Nikapanda boti siku hiyo hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu uione saruji yako."

Hakucheka. Nami sikuthubutu kukaa mpaka nilipoambiwa.

Alikuwepo mwashi mmoja, mzee, aliyezeekea kwenye nyumba za Mji Mkongwe. Akachukua patasi, akabandua kipande cha plasta yangu. Nyuma yake ukuta umelowa chepechepe! Akaniuliza, "Baba, wewe ukivalishwa nailoni kutwa juani, utakuwaje?"

Kumbe bwana, ukuta ule unene wake ni kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na si jiwe gumu. Ni mawe ya matumbawe, yana vitundu tele, yameshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Unakunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha jua likitoka unayatema. Chokaa inapitisha. Saruji inaziba. Maji yakikosa njia yanabaki humo na chumvi yake, yanatafuna taratibu, na cha kwanza kuoza ni vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani. Dari yote imebebwa na vichwa hivyo. Sasa umeelewa shemeji aliponea wapi.

Na hapo ndipo nilipojua kosa langu jingine. Miaka yote nilikuwa navicheka vile vyumba, virefu vyembamba kama behewa la treni. Boriti ni mti wa mikoko, na wa kufaa hauzidi sana mita tatu. Basi upana wa chumba unaamuliwa na mti, si na mwenye nyumba. Hata masultani walijenga hivyo. Nenda Mtoni, kasri aliloanza kulijenga Seyyid Said mwaka 1828, mahali alipozaliwa Bibi Salme mwaka 1844. Ukiyatazama magofu utaona vyumba ni vile vile vyembamba. Aliyetaka nafasi pana bila boriti alijenga kuba, kama kule kwenye hamamu ya Kidichi, aliyomjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850.

Dari nazo zilipigwa. Yaani kokoto na chokaa vinamwagwa juu ya boriti, watu wanapanga mstari na vijiti, wanatwanga kwa siku kadhaa huku wakiimba. Mama mkwe anasema utotoni alipewa kijiti chake.

Jioni kikao cha familia. Shemeji mkubwa akataka ivunjwe, wapige tofali, wajenge ghorofa. Hoja yake haikuwa ya kijinga: Beit el Ajaib, jengo la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, tena mjini, kwenye urithi wa dunia uliotambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2000. Sisi wa shamba nani atatuokoa? Wote kimya. Mama mkwe akasema yeye amezaa watoto sita mle ndani, na kila mwenye nyundo asubiri kwanza azikwe.

Nikaulizwa mimi mkwe nasemaje. Moyoni nilikuwa nahesabu. Kubandua plasta yote, boriti mpya nane, chokaa iliyolowekwa ikakaa, na mwashi asiyekubali kuharakishwa. Inazidi sana mifuko 30. Mke wangu ananitazama tu, hasemi. Aisee, macho yale!

Nikasema nitalipa boriti, na likizo yangu nitaimalizia pale pale.

Naandika haya mikono ina malengelenge. Wiki ya pili sasa, kuta tatu zimeshavuliwa nailoni yangu, ya nne bado. Fundi hanipi mwiko, eti kwanza nimalize kubandua. Shemeji mdogo analala sebuleni. Shemeji mkubwa jana kaja, kasimama mlangoni, kaguna, kisha kavua shati na kuuliza patasi nyingine iko wapi.