Vumbi la Kobalti na Mapigo ya Moyo

Mara nyingi mtu wa Naviundu huja kwa katekista wake na neno hili: «Roho yangu inaruka.» Katika Kiswahili chetu cha Katanga, roho ni nafsi, tena ni kile kiungo cha kifuani. Kwa hiyo msikilizaji aweza kukosea upesi, akatafuta dhambi au mchawi mahali penye ugonjwa. Tumeona vema kueleza njia moja ambayo mapigo ya moyo huharibika, maana inatugusa sisi watu wa nchi ya madini.

Moyo hupiga kwa umeme, na umeme huo hufanywa na chembe zake zenyewe. Kila chembe ina milango midogo sana: sodiamu huingia, kisha kalisi huingia, kisha potasiamu hutoka, na pigo limekwisha. Chembe hupumzika ikingoja zamu yake. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alitangaza mchoro wa umeme huo mwaka 1902. Hata leo waganga huuchora kwa nyuzi zilizobandikwa mikononi, miguuni na kifuani.

Sasa, chembe hutumia oksijeni kama vile moto wa mbabula, na kama mbabula hutoa cheche. Cheche hizo ni vipande vya oksijeni visivyotulia. Hushika kilicho karibu na kukitia kutu. Mwili una walinzi wa kuzizima, na zikiwa chache si kitu. Lakini zikiwashinda walinzi, kutu hufika kwenye milango ya umeme. Mlango wa sodiamu haufungi vema; ghala ya kalisi ndani ya chembe huvuja. Chembe iliyopaswa kungoja hupiga bila zamu. Tena vile viunganishi vinavyopitisha umeme toka chembe hata chembe hulegea, umeme hukawia, na pengine huzunguka mahali pamoja bila kutoka. Hapo mtu husikia moyo unaruka au unakimbia. Mwingine huzimia, mwingine hufa ghafula.

Kobalti yaingia wapi? Mwili wahitaji kidogo mno, ndani ya vitamini B12. Ikizidi huongeza cheche, tena hushindana na kalisi. Katika miaka 1965 na 1966, mjini Quebec, Kanada, bia ilitiwa kobalti ili povu lake likae. Wanywaji 48 waliugua moyo, na 20 kati yao wakafa. La ajabu ni kwamba kobalti waliyokunywa ilikuwa chini ya ile waganga waliyowapa wagonjwa wenye upungufu wa damu. Lakini wanywaji wale walikula vibaya, na walinzi wa miili yao walikuwa dhaifu. Anayekula bukari bila samaki wala maharagwe na afikiri neno hilo.

Kwetu, mwaka 2018, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzake wa Leuven walitangaza habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambapo watu walichimba kobalti kati ya nyumba zao. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo wa wakaaji, hasa watoto, na kwa watoto hao alama za kutu katika chembe. Mioyo hawakuipima. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila roho inayoruka Naviundu ni ya kobalti: upungufu wa damu, homa na hofu hufanya vilevile.

Wachuuzi wa vidonge vya «kusafisha damu» wasipewe franka za maskini. Mwaka 2000 yalitangazwa majaribio ya vitamini E, mzima-cheche mashuhuri, kwa watu zaidi ya 9,000 walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo, haikuwakinga. Afadhali nguo za mgodi zisiingie chumba wanamolala watoto, sakafu imwagiwe maji kabla ya kufagia, na chungu kifunikwe. Naye aliyezimia wakati moyo ukikimbia, au mwenye ndugu aliyekufa ghafula angali kijana, katekista ampeleke hospitali achorwe umeme wa moyo siku ileile.